Kilo za mtu mwingine: seva ya chama cha kahawa ilipopandishwa toleo

Jumatano ya tarehe 19 Februari 2025, kama saa nne asubuhi, bibi mmoja wa upande wa Uru aliingia ofisini kwa chama chetu cha msingi cha kahawa, hapa Moshi, akiwa na daftari lililokunjwa katikati na simu ya mjukuu wake. Daftarini alikuwa na mistari mitano, kila mmoja na tarehe na kilo alizopeleka kwenye mizani msimu uliopita: 38, 41.5, 29, 44.5 na 34. Jumla kilo 187. Kwenye simu, ukurasa wa chama ulikuwa umemkaribisha vizuri kwa namba yake ya uanachama, K113, kisha ukamwonyesha mapokezi kumi na moja yenye jumla ya kilo 612.

"Mwanangu," alimwambia Mama Katibu, "shamba langu halina miche ya kutoa kilo mia sita. Hizi ni za nani?"

Siku nne kabla ya hapo, mimi ndiye niliyepandisha toleo la mfumo endeshi wa seva inayobeba ukurasa huo. Niliipandisha kwa tahadhari, nikafanya mazoezi kwanza, nikaweka nakala rudufu mahali patatu. Asubuhi yake tovuti ilifunguka, nami nikawaambia viongozi kwamba kazi imekwisha. Naeleza hapa yaliyotokea, hatua kwa hatua, kwa sababu naamini seva za aina hii ziko nyingi Moshi na Arusha: za shule, za zahanati, za vikundi vya kuweka na kukopa. Zinatunzwa na mtu mmoja anayefanya kazi hiyo jioni baada ya kazi nyingine.

Seva yenyewe ni ndogo. Ina RAM ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 40, na tumeikodi kwa kampuni ya nje. Mashine iko Ujerumani. Mwaka 2019 iliwekwa Debian 10, ndio mfumo endeshi wenyewe, ikiwa na Nginx inayopokea maombi ya wasomaji na kuwarudishia kurasa, PHP 7.3, lugha iliyoandikiwa tovuti, na MariaDB 10.3, programu ya hifadhidata. Mkulima anaandika namba yake ya uanachama, anaona kahawa ya maganda aliyopeleka tangu msimu ufunguliwe, na chini yake anaona namba ya simu ambayo malipo yatatumwa. Akitaka kuibadili namba hiyo ya simu, anaibadili hapo hapo. Jina la mwanachama halionyeshwi. Tuliliondoa makusudi, kwa kuwa namba ya uanachama imeandikwa kwenye kila stakabadhi, na stakabadhi huzagaa. Kumruhusu mtu abadili simu ya malipo bila neno la siri ulikuwa udhaifu wa siku nyingi, na nilikuwa naujua. Nilikuwa nimeuweka kwenye orodha ya mambo ya baadaye.

Kwa nini tuliigusa seva iliyokuwa inafanya kazi? Mweka hazina aliniuliza swali hilo kwenye kikao, na aliuliza kwa haki, maana kila saa ya kazi hiyo ilitoka kwenye mfuko wa wakulima. Jibu langu lilikuwa kwamba Debian 10 ilifikia mwisho wa matengenezo ya muda mrefu tarehe 30 Juni 2024. Baada ya siku hiyo, tundu lolote la usalama litakalogunduliwa kwenye programu zake halizibwi tena kwa njia ya kawaida. Nilimpa mfano ulio karibu. Tarehe 1 Julai 2024, siku moja tu baada ya mwisho huo, ilitangazwa hitilafu kubwa, iliyopewa namba CVE-2024-6387, ya OpenSSH, programu ya kuingilia seva ukiwa mbali. Ukweli ni kwamba seva yetu haikuguswa na hiyo, kwa sababu OpenSSH ya Debian 10 ni ya zamani kuliko matoleo yaliyoathirika. Hilo pia nilimwambia. Lakini kuponea kwenye uzee wa programu ni bahati, na chama kinashika simu za wanachama na hesabu za fedha zao. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mweka hazina akakubali.

Wakati wa kuifanya kazi nilichagua uwe Februari. Kahawa ya kaskazini hukusanywa zaidi kuanzia katikati ya mwaka hadi Desemba, kwa hiyo Februari mizani imetulia. Sikuwaza vya kutosha kwamba Februari ndio mwezi ambao wakulima wanasubiri malipo ya pili, na kila mmoja anafungua ukurasa kupiga hesabu yake. Mizani ilikuwa kimya, lakini ukurasa ulikuwa na watu wengi kuliko miezi mingine.

Debian hairuki hatua. Kutoka toleo la 10 unapita la 11, ndipo ufike la 12. Nilipiga picha kamili ya diski, nikaifungua kwenye seva nyingine ya muda inayolipiwa kwa saa, na gharama ya siku nzima haikufika bei ya sahani ya wali na maharage. Hapo ndipo nilipofanya mazoezi, na yalinifundisha mambo ya kweli.

La kwanza ni mstari wa hazina ya usalama, yaani mahali seva inapochota viraka, kwenye `/etc/apt/sources.list`. Katika Debian 10 uliandikwa `buster/updates`. Kuanzia Debian 11 mtindo ulibadilika ukawa `bullseye-security`. Ukibadilisha jina la toleo tu na kuacha mengine, unapata `bullseye/updates`, mahali pasipokuwepo, na apt, programu inayosakinisha na kuondoa nyingine, inalalamika. Anayepuuza lalamiko hilo anabaki na seva mpya isiyopokea viraka vya usalama, yaani amefanya kazi yote na kuacha shabaha yake.

La pili lilinisumbua zaidi. Baada ya kufika Debian 11 tovuti ilifunguka mara moja, nikafurahi. Kumbe PHP 7.3 ya zamani haikuondoka. Ilibaki kwenye diski ikiendelea kuhudumia kurasa, na PHP 7.4 mpya ilikaa pembeni bila kazi, kwa sababu Nginx ilikuwa imeelekezwa kwenye soketi, njia yake ya kuzungumza na PHP, kwa jina kamili, `php7.3-fpm.sock`. Nilipoendesha `apt autoremove`, ile ya zamani ikaondolewa na kila ukurasa ukarudisha kosa la 502. Dawa yake ni kubadili mstari mmoja kwenye mpangilio wa Nginx kila hatua, kwanza kwenda 7.4, kisha 8.2. Niliandika hilo kwa wino mwekundu.

Kisha nikafanya majaribio. Nilifungua ukurasa wa mbele, ukurasa wa bei na fomu ya mawasiliano, halafu nikaingiza namba ya uanachama ya Mama Katibu, ambayo ni 27. Kilo zake zilitoka sawasawa na za kwenye kitabu. Nikaandika "sawa". Naomba msomaji aishike namba hiyo, 27.

Usiku wa Jumamosi tarehe 15 nilianza saa tatu, nyumbani Pasua. Nilichota hifadhidata nzima kwa `mysqldump`, nakala moja nikaiacha kwenye laptopu, nyingine ilikuwa imekwenda mchana kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini ofisini, na ya tatu ni picha ya diski kule kule kwa kampuni. Utaratibu wa kuweka nakala moja hapa Moshi tuliuanza baada ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku zile tulijua kwamba nakala iliyoko Ujerumani pekee ni nakala ambayo huenda usiifikie siku unayoihitaji.

Kazi yote niliifanya ndani ya tmux, programu inayoshikilia kikao kwenye seva hata kama wewe umepotea. Hatua ya kwanza ilipita salama. Ya pili, kama saa nne na robo, vifurushi vikiwa katikati ya kusakinishwa, umeme ukakatika mtaa mzima. Taa ya kijani ya ruta ikazima, na mistari kwenye kioo cha laptopu ikasimama pale pale. Nilikaa gizani kama dakika mbili nikiwasha intaneti ya simu, mikono ikitetemeka, nawaza seva iliyoko nusu toleo hili na nusu lile. Nilipoingia tena nikaandika `tmux attach`, na yote yakarudi. Seva haikujua hata kama niliondoka. Ilikuwa imeendelea peke yake mpaka mahali pa swali, ikanisubiri: faili la mpangilio wa SSH, `sshd_config`, limebadilishwa na mwenye seva, je, tuweke jipya la kifurushi au tubaki na lako?

Swali hilo linaonekana dogo. Sisi tulishahamisha SSH kutoka mlango wa 22 kwenda mwingine, na fayawoli imefunga 22. Kama ningekubali faili jipya bila kusoma, SSH ingerudi kusikiliza mlango ambao fayawoli haimpitishi mtu, na ningekuwa nimejifungia nje ya nyumba yangu mwenyewe. Nilibaki na letu. Kosa hili nimeshaliona kwa mtu mwingine Arusha, iliwabidi waingie kwa dirisha la dharura la kampuni ya kukodisha.

Saa saba kasoro usiku nilikuwa Debian 12, PHP 8.2, MariaDB 10.11. Nikaandika 27, kilo za Mama Katibu zikatoka. Nikalala.

Jumatatu karani wa mizani alipiga simu kwamba hawezi kupeleka faili la masahihisho. Programu yake ya kutuma mafaili ilikuwa ya mwaka 2017, na OpenSSH mpya haikubali tena saini za RSA za mtindo wa zamani zinazotegemea SHA-1. Kwenye kumbukumbu za seva ilikuwa imeandikwa waziwazi kuwa aina ya ufunguo `ssh-rsa` haimo kwenye zinazokubalika. Tuliweka programu mpya kwenye kompyuta yake na ufunguo mpya wa ed25519, nusu saa ikatosha. Tatizo hilo lilinidhuru kwa namna nyingine: lilinipa hisia kwamba lile baya lililokuwa linasubiriwa limeshatokea na limeshatatuliwa. Nikamwambia Mama Katibu, "Mama, sasa mambo yametulia."

Sasa turudi Jumatano. Mama Katibu aliponipigia kuhusu yule bibi, jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba karani atakuwa ameingiza kilo vibaya. Nilisema hivyo kabla sijafungua chochote. Katika kisa chote hiki, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nilimtwisha mtu mwingine kosa ili seva yangu ibaki safi. Mama Katibu hakuridhika. Alimwomba mjukuu aandike namba ya jirani yao, K140. Zikatoka kilo 612. Akaandika K088. Kilo 612. Akanipigia tena:

"Baba, kila K ni mia sita kumi na mbili. Karani gani huyo?"

Niliufunga ukurasa papo hapo kwa kuiambia Nginx irudishe 503 na ujumbe mfupi kwamba huduma imesimama. Kisha nikafungua msimbo.

Herufi K ina historia. Wanachama wa mwanzo wana tarakimu tupu: 27, 113, 140. Mwaka 2021 kikundi cha wakulima wa kijiji jirani kilijiunga nasi, na wao walikuwa na namba zao tayari, zilizogongana na zetu. Kikao kikaamua wabaki na namba zao kwa kutanguliza K. Hapo K113 na 113 wakawa watu wawili tofauti. Kijana aliyetuandikia tovuti mwaka 2019 alirudi kurekebisha, na aliongeza mstari huu:

`if ($namba == 0)`

Chini yake: kama ni kweli, tafuta mwanachama kwa maandishi kama yalivyo. Kama si kweli, igeuze iwe namba kamili, kisha tafuta kwa namba.

Katika PHP 7 na kurudi nyuma, ukilinganisha neno na namba kwa alama mbili za usawa, lugha inaligeuza neno liwe namba kwanza. "K113" haianzi na tarakimu, kwa hiyo inakuwa sifuri, na sifuri ni sawa na sifuri. Mstari ukawa na maana ya "hii si namba", na ulifanya kazi bila kukosea hata siku moja kwa karibu miaka minne. PHP 8.0 iligeuza kanuni hiyo. Sasa neno lisilo namba likilinganishwa na namba, ile namba ndiyo inayogeuzwa kuwa neno. "K113" na "0" si kitu kimoja, jibu ni hapana. Kwa hiyo kuanzia usiku wa Jumamosi kila K alipelekwa njia ya pili, akageuzwa kuwa namba kamili, yaani 0, na hifadhidata ikaulizwa: nipe mwanachama ambaye namba yake ni 0.

Hakuna mwanachama mwenye namba 0. Ungetarajia ukurasa useme "hayupo", na kama ungesema hivyo, Jumapili asubuhi simu zingelia na kisa kingeishia hapo. Lakini safu ya namba kwenye jedwali ni ya maandishi, na MariaDB ikiambiwa ilinganishe maandishi na namba, nayo huyageuza maandishi kuwa namba. K001 ikawa 0. K113 ikawa 0. Kila K akalingana. Swali lilikuwa linaomba mwanachama mmoja tu, akatoka wa kwanza, K001. MariaDB ilitoa onyo kila mara kwamba thamani imekatwa, lakini onyo la swali la kusoma halisimamishi kitu, na programu yetu haikuwa inalisoma.

PHP iliacha tabia ile mbaya, na MariaDB bado inayo. Kabla ya Jumamosi zilikuwa zinakosea zote kwa upande mmoja, kwa hiyo zilipatana. Moja ilipojirekebisha, mapatano yakavunjika. Na ukurasa, kwa adabu zake, ukaendelea kuandika juu kabisa "Karibu mwanachama K113", kwa sababu sentensi hiyo ilikuwa inarudisha tu kile mtu alichoandika. Kwenye kumbukumbu za Nginx kila ombi lilikuwa na 200, alama ya kwamba yote ni sawa. Hata kama ningekesha nikitazama kumbukumbu zile siku nne nzima, nisingeona kitu.

Ndiyo maana 27 haikunisaidia. 27 ni tarakimu tupu. Nilijaribu seva kwa namba ya mtu aliyekuwa karibu nami ofisini, mwanachama wa zamani, na wale waliojiunga 2021 hawakuwa na mtu mezani siku ya majaribio. Hata kama ningejaribu K yoyote pale katikati, kwenye Debian 11, ingepita, kwa kuwa PHP 7.4 bado ilikuwa na kanuni ya zamani.

Nilimpigia yule kijana, siku hizi yuko Dodoma. Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, nakumbuka kwa nini nilitenganisha njia mbili. Wazee walikuwa wanaandika 0027 badala ya 27." Nilipoangalia nikaona ni kweli: kugeuza kuwa namba kuliondoa zile sifuri za mbele. Mstari ule ulizaliwa kwa kuwahurumia wazee, na kwa PHP ya siku zile ulikuwa sahihi.

Jambo zito zaidi lilikuwa simu. Ukurasa ulikuwa unaonyesha namba ya malipo ya K001, na kitufe cha kuibadili kilikuwa hai. Kwenye kumbukumbu za Nginx nilihesabu wanachama 58 wenye K waliofungua ukurasa katika siku zile nne. Wote waliona kilo na simu ya mzee mmoja. Wengi walidhani simu ni ya ofisi. Lakini maombi mawili yalikuwa ya kubadili. Wakulima wawili, kila mmoja kwa wakati wake, waliona namba wasiyoijua, wakadhani karani amekosea, wakaandika simu zao wenyewe. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walikuwa wanasahihisha taarifa zao. Ila aliyebadilishiwa ni K001. Malipo ya pili yalikuwa yamepangwa mwisho wa mwezi, na kama yangetoka hivyo, fedha za kilo 612 zingeingia kwenye simu ya mtu mwingine.

Mama Katibu alifungua kabati, akatoa ile diski ya nje. Tuliweka jedwali la wanachama la Jumamosi mchana kando ya la Jumatano, tukayalinganisha kwa `diff`. Zilitofautiana taarifa za wanachama wanne. Tatu zilikuwa za wanachama wa tarakimu tupu waliobadili simu zao kihalali. Tuliwapigia wote watatu wakathibitisha. Ya nne ilikuwa K001. Tukamrudishia namba yake ya awali.

Msimbo tuliurekebisha kwa kuondoa njia ile ya pili kabisa. Namba ya uanachama, hata ikiwa tarakimu tupu, ni jina la mtu. Hakuna anayeijumlisha wala kuitoa. Sasa inasafishwa nafasi na sifuri za mbele, herufi inafanywa kubwa, na inatafutwa kama maandishi dhidi ya maandishi. Kitufe cha kubadili simu kimeondoka kwenye ukurasa. Anayetaka kubadili anakuja ofisini na kadi yake, na kwa wazee wa mbali Mama Katibu huwafuata siku ya mizani.

Kabla ya kufungua tena nilifanya kile ambacho kingepaswa kufanyika siku ya mazoezi. Nilifufua picha ya diski ya zamani kwenye seva ya muda, nikachukua orodha ya wanachama wote, na kwa programu fupi nikaomba ukurasa wa kila mmoja kutoka seva zote mbili, ya Debian 10 na ya Debian 12, kisha nikalinganisha majibu neno kwa neno. Kazi hiyo yote, kwa wanachama wote, ilichukua dakika chache. Kwanza niliiendesha dhidi ya msimbo mbovu, nikaona kila K ikitofautiana isipokuwa K001 mwenyewe. Kisha dhidi ya msimbo mpya, na hapakuwa na tofauti hata moja. Dakika hizo chache zingetosha tangu mwanzo. Kwa tovuti inayotoa takwimu za watu, kufungua kurasa tatu na kutazama rangi zake hakutoshi kuitwa majaribio, nami sitakubali tena kuliita hivyo.

Ijumaa tulikwenda nyumbani kwa K001: mimi, Mama Katibu na mwenyekiti. Bodi ilikuwa imeshaandika barua kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini mwenye taarifa ni yeye, na aliyestahili kuelezwa uso kwa uso ni yeye. Alikuwa anapunguza matawi ya mibuni chini ya migomba. Nilimsalimia, "Shikamoo Meku," akaitika, akatuonyesha benchi. Nilieleza bila maneno ya kompyuta: kwamba kwa siku nne watu 58 waliona kilo zake na simu yake, kwamba kosa ni la kazi yangu, na kwamba fedha zake hazijaguswa. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja, kama waliobadili simu wamelaumiwa. Mwenyekiti akasema hapana. Akasema vizuri, maana mmoja wao ni mtoto wa dada yake na alikuwa hajala vizuri tangu Jumatano. Kisha akataka tumwandikie kwenye karatasi namba ya simu iliyopo sasa kwenye kompyuta, aione kwa macho yake. Nikaiandika. Akailinganisha na iliyobandikwa nyuma ya simu yake, tarakimu kwa tarakimu, kwa kidole.

Malipo ya pili yalitoka mwisho wa mwezi kama yalivyopangwa.

Debian 13 ilitolewa tarehe 9 Agosti 2025, msimu ukiwa umepamba moto, na sikuigusa. Debian 12 itaendelea kupata viraka vya usalama vya muda mrefu hadi Juni 2028, kwa hiyo tuna nafasi ya kungoja mizani itulie na malipo yaishe. Daftari la mazoezi liko tayari ofisini. Ukurasa wa kwanza Mama Katibu ameandika mwenyewe namba ambazo lazima zijaribiwe kwa macho mbali na ile programu ya kulinganisha: moja ya tarakimu tupu, moja yenye sifuri mbele, moja yenye herufi ndogo, moja isiyokuwepo kabisa. Juu ya zote ameweka K113, na pembeni yake, kwa kalamu ya bluu, kilo alizonakili kutoka kwenye daftari la bibi siku ile: 38, 41.5, 29, 44.5, 34.